Tathmini ya huduma ya watoto baada ya masomo: kituo kimoja cha upande wa Kisasa, Dodoma

Kituo ninachokitathmini kiko upande wa Kisasa, mashariki mwa Jiji la Dodoma, na hupokea watoto wa shule za msingi kuanzia saa 8:00 mchana hadi saa 12:30 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Sitakitaja kwa jina, kwa kuwa nina lawama kadhaa nitakazozieleza na mwenye kituo hayupo hapa kujibu. Mtoto wangu wa darasa la tatu anakwenda huko, na kwa ujumla ningemshauri mzazi mwenzangu ampeleke wa kwake, ila kabla ya kulipa ada aulize kwanza habari za walezi: ni akina nani, wanalipwa kwa utaratibu gani, na nani anashika nafasi yao wasipokuwepo. Mengine yote katika huduma ya namna hii hufuata hapo.

Mahitaji ya huduma hii yameongezeka Dodoma kwa sababu zinazoeleweka. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kwa dhati kuhamishia shughuli zake makao makuu, familia nyingi za watumishi zimefika hapa zikiwa hazina bibi, shangazi wala mama mdogo wa kumpokea mtoto akitoka shule. Ofisi nyingi ziko Mji wa Serikali Mtumba, na mtu anayetoka kazini saa 9:30 alasiri, ikiwa kweli atatoka saa hiyo, bado ana safari ya kurudi mjini. Kisha mwaka 2023 serikali ikasitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, uamuzi ambao mimi binafsi nauunga mkono, lakini uliowarudisha nyumbani watoto ambao wazazi wao hawapo nyumbani mchana. Yaliyobaki ni dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti mdogo, au tuisheni ya mtaani, au mtoto kutembea na ufunguo wa nyumba shingoni.

Kuhusu majengo sina mengi ya kusema. Ni nyumba ya kawaida ya kupanga yenye vyumba vinne, uwanja wa vumbi, miarobaini miwili inayotoa kivuli cha kutosha, na simtanki ambalo huwaokoa siku za mgao wa maji. Vyoo ni safi. Watoto hupewa uji wa ulezi wanapofika, na siku nyingine juisi ya ubuyu, ambayo kwa jua la Dodoma la saa tisa ni jambo la maana kuliko linavyosikika. Vitabu vya hadithi ni vichache na vimechakaa, jambo linalonishangaza kwa kituo kinachotoza ada ya shilingi 80,000 kwa mwezi.

Thamani halisi ya kituo iko kwa walezi wake, ambao kwa kawaida ni wanne. Kiongozi wao ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa makamo ambaye watoto wote humwita Bibi, na wazazi tunamwita Mwalimu. Anasaidiwa na kijana mmoja mwenye shahada ya ualimu anayesubiri ajira ya serikali, pamoja na wanafunzi wawili wa ualimu kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma wanaofika kwa zamu kulingana na vipindi vyao. Mchanganyiko huu ni mzuri kuliko ninaoujua kwingine, kwa sababu unampa mtoto mtu mzima aliyezoea watoto na vijana wenye nguvu ya kukimbia nao uwanjani.

Nitoe mfano mmoja. Alasiri moja nilifika mapema nikakaa barazani kumsubiri mwanangu. Binti mmoja alikuwa amekwama kwenye kugawanya 96 kwa 4, na aliposukuma daftari lake kwa Mwalimu akitaka apewe jibu, Mwalimu hakuligusa. Alimwambia, "Nioneshe ulipoishia, mjukuu wangu." Binti akaonesha kwamba amegawanya makumi tisa akapata mawili, na moja lililosalia hakujua alipeleke wapi. Mwalimu akavuta kopo la vizibo vya soda, akampa kizibo kimoja kiwe ndiyo lile kumi, na kumtaka akibadilishe kwa vizibo vya moja moja. Binti alihesabu vizibo kumi, akaongeza sita, akavigawa mafungu manne, kisha akarudi kwenye daftari bila kuambiwa na kuandika 24. Katika vituo vingine nilivyotembelea kabla ya kuchagua hiki, mlezi huandika jibu kwa penseli na mtoto huligandamizia kalamu juu yake, ili daftari lionekane limekamilika mzazi akifika. Mzazi hufurahi, na mwalimu wa darasani hubaki akidhani somo limeeleweka.

Jambo la pili wanalolifanya vizuri ni kumkabidhi mtoto. Langoni kuna daftari kubwa lenye safu ya saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la anayemchukua na sahihi yake. Dereva wa bodaboda au bajaji hapewi mtoto mpaka jina lake na namba yake ya simu ziwe zimeandikwa na mzazi mwenyewe katika ukurasa wa mtoto huyo, hata kama mtoto anamkimbilia kwa furaha na kumwita mjomba. Niliwahi kumtuma shemeji yangu bila kutoa taarifa na akakataliwa hadi waliponipigia simu; yeye alikasirika, mimi niliridhika.

Sasa nieleze lawama zangu. Ukitegemea wanafunzi wa chuo kikuu, kalenda ya chuo inakuwa kalenda yako, upende usipende. Karibu na Februari wanafunzi wako kwenye mitihani ya muhula wa kwanza, na ifikapo Julai wanaingia tena kwenye mitihani, kisha wanafunzi wa ualimu hutawanyika mikoani kwa mafunzo kwa vitendo. Tatizo ni kwamba Februari hiyohiyo kwa kawaida kuna mkutano wa Bunge, na Bunge likiwa linaketi Dodoma maofisa wengi huchelewa kutoka kazini kuandaa majibu ya wabunge. Kwa hiyo katika wiki ambazo watoto wanabaki kituoni hadi jioni kabisa, ndizo walezi wanapungua. Mwaka huu zamu zilibaki kwa Mwalimu na yule kijana peke yao, na watoto zaidi ya thelathini. Kazi za nyumbani hazikukaguliwa, michezo ya uwanjani ilisimamishwa kwa hofu ya mtoto kuumia bila mtu wa kumwangalia, na televisheni iliwashwa kuanzia saa tisa hadi muda wa kuondoka. Siwalaumu wale wawili, ambao walifanya walichoweza. Namlaumu mwenye kituo, ambaye ratiba ya chuo huweza kuipata mapema na ratiba ya Bunge hutangazwa, na ambaye aliendelea kupokea ada kamili bila kutuarifu lolote kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako matangazo ya sare na picha za siku za kuzaliwa huwa hayakosekani.

Lawama ya pili inahusu malipo ya walezi, na najua kuna wazazi watakaosema hayo hayatuhusu. Yanatuhusu. Kwa nilivyoelezwa na walezi wenyewe, ni Mwalimu peke yake mwenye mkataba wa maandishi na mchango wa NSSF. Yule kijana analipwa posho mwisho wa mwezi, na wanafunzi hulipwa kwa siku, kiasi ambacho baada ya nauli hubaki kidogo mno. Mtu wa posho hana sababu ya kutoa taarifa anapoondoka. Kila tangazo la ajira za walimu linapotoka, vituo vya aina hii hupoteza watu ndani ya wiki chache, na mtoto aliyekwisha kumzoea mlezi huambiwa tu kwamba kaka fulani hayupo. Mwanangu alikaa muda mrefu akimuulizia dada mmoja aliyekuwa akimsomea hadithi, na hakuna aliyemweleza kwamba dada huyo amepata kazi Singida na kwamba ni habari njema. Hakuna anayeweza kumzuia mwalimu kupokea ajira ya kudumu, wala haifai kumzuia. Hata hivyo, mkataba wenye notisi ya mwezi mmoja, pamoja na mchango wa NSSF ambao kisheria jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu yake, ungeleta makabidhiano ya kistaarabu na ungemfanya kijana aone kuwa anafanya kazi, si kwamba anapitisha muda.

Nafuu inaweza kupatikana hata bila fedha nyingi. Dodoma haina chuo kimoja. Kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kuna Chuo cha Mipango, na mitaani kuna wahitimu wa maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii ambao hawatawaliwi tena na mitihani. Kituo kinaweza kuwa na orodha ya walezi wa akiba watatu au wanne, waliokwisha kuhojiwa, kuwasilisha barua za wadhamini na kukaa na watoto mara kadhaa chini ya uangalizi wa Mwalimu, ili Februari ikifika waitwe watu wanaofahamika. Nilipolitaja hili katika kikao cha wazazi, mwenye kituo alijibu kwamba ni gharama. Nikamwambia, na narudia hapa, kwamba ningekuwa tayari kuongeza shilingi 10,000 kwa mwezi endapo nitaoneshwa kwamba zinakwenda kwa walezi. Wazazi kadhaa walikubali. Wengine walinyamaza, na naelewa, maana si kila nyumba ina mishahara miwili.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kanuni inasema anayechelewa baada ya saa 12:30 atalipa shilingi 2,000 kwa kila nusu saa, lakini wapo wanaofika saa 2:00 usiku, wanapiga honi langoni na kuomba wasamehewe kwa sababu ya foleni, Dodoma hii. Mwalimu hupoteza daladala na hulazimika kulipa bodaboda kutoka mfukoni mwake. Fedha ya adhabu ingepelekwa moja kwa moja kwa mlezi aliyebaki, nadhani ingekusanywa kwa juhudi zaidi.

Jambo jingine lililonitia shaka ni shinikizo la kukigeuza kituo kuwa darasa la tuisheni. Baadhi ya wazazi wa darasa la nne, kwa kuogopa upimaji wa kitaifa, wanataka watoto wafanyishwe maswali ya mitihani iliyopita kila siku hadi jioni. Kwa sasa Mwalimu amekataa: saa moja ni ya kazi za nyumbani, na muda uliobaki ni wa mpira, rede, bao, kusoma hadithi na kulala kwa anayetaka kulala. Naona yuko sahihi kabisa. Mtoto aliyeamka saa 11:00 alfajiri na kukaa darasani tangu asubuhi hana cha kupata kwa kuongezewa maswali saa kumi jioni, isipokuwa chuki ya hisabati. Mzazi anayetaka tuisheni ataipata kila mtaa. Mahali ambapo mtoto anaweza kucheza akiwa na mtu mzima mwenye akili karibu naye ni pachache.

Kuhusu usalama, cheti cha usajili kimetundikwa ukutani, na hilo lisidharauliwe, kwa kuwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 vituo vya kulelea watoto mchana vinapaswa kusajiliwa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na vingi vya mitaani havijawahi kumwona afisa ustawi. Namba 116, ya simu ya bure ya huduma kwa mtoto, imebandikwa kwenye mlango wa choo kwa kimo ambacho mtoto anaweza kuisoma. Ninachokosa ni mafunzo ya huduma ya kwanza. Sanduku lipo, lina bandeji na dawa ya vidonda, lakini nilipouliza nani amefundishwa kumhudumia mtoto aliyepaliwa au aliyeanguka kifafa, waliangaliana. Chama cha Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo hayo, na kuwapeleka walezi wawili tu lisingekuwa jambo la kushinda kituo.

Mwanangu ataendelea hapo muhula wa Julai. Nimeomba kwa maandishi nioneshwe ratiba ya walezi ya Julai hadi Septemba, yenye majina, kabla sijalipa, na nimejibiwa kwamba inaandaliwa. Mzazi anayefikiria kujiunga aombe hiyohiyo, aende kukitembelea kituo siku ya Ijumaa saa 11:00 jioni, wakati walezi wamechoka na wageni hawatarajiwi, kisha ahesabu watu wazima waliopo uwanjani. Afahamu pia kwamba wakati wa likizo huduma huwa ya nusu siku, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana, kwa malipo ya pembeni, na kwamba nafasi za watoto wa darasa la kwanza hujaa kabla ya Januari.