Chuo cha udereva Majengo, Moshi: kipilefti wanakifundisha kweli

Nimemaliza mafunzo ya udereva kwenye chuo kimoja cha hapa Majengo. Kwa anayetaka kuendesha mjini Moshi bila kutetemeka, nakipendekeza kwa sababu moja kubwa: kipilefti, ule mzunguko wa kwenye makutano ya barabara. Wadogo zangu walisoma kwingine, wakazungushwa uwanjani, rivasi na kupaki, basi.

Mwalimu wetu, mzee mpole sana, hampeleki mtu kipilefti cha Mnara wa Saa, katikati ya mji, mpaka ataje nani anapita kwanza: aliyeko tayari ndani ya mzunguko, anayekujia kutoka kulia. Punguza mwendo mapema, weka gia ya pili, tazama kulia, na kama nafasi hakuna, simama. Walio nyuma wapige honi mpaka wachoke. "Mama, anayekupigia honi siye atakayelipa bampa," alikuwa akiniambia.

Indiketa alizikazania kuliko kitu kingine. Unayekata kushoto, washa ya kushoto kabla hujaingia. Unayenyoosha, ingia bila indiketa, kisha ukishaipita njia iliyo kabla ya yako ndipo uwashe ya kushoto. Unayekwenda kulia, ingia na ya kulia, halafu badili kwenda kushoto unapokaribia kutoka. Hapo tazama kioo cha kushoto na ugeuze shingo kabisa, maana bodaboda hupenya hapohapo, kati yako na ukingo wa barabara.

Siku tuliyokwenda kipilefti cha YMCA, kwenye barabara kuu ya Arusha, alishika breki ya mkono huku akinitajia kwa sauti: "Boda kushoto. Mwingine nyuma ya lori." Lori lenyewe lilikuwa na tela. Akanizuia nisiende nalo ubavu kwa ubavu, kwa kuwa likikata kona, tela hupita ndani zaidi ya kichwa. Hilo peke yake kwangu lilitosha ada.

Kasoro zipo. Klachi ya gari lao ni nzito, mguu unauma. Kubwa zaidi, mazoezi ya mjini huwekwa asubuhi mno, barabara ikiwa tupu. Jioni Hiace zikijaa na watu wakikimbilia nyumbani, kipilefti kilekile kinakuwa kigumu mara mbili. Vipindi vya jioni nilivipata kwa kuongeza pesa, na sioni haki hapo, kwa sababu jioni ndiyo tunayoendeshea wengi wetu.

Ukienda, ulizia vipindi vya jioni kabla hujalipa, na uombe ufundishwe na yule mzee.