Uzoefu wangu: siku mbili katika nyumba ya Gustave Moreau, Paris

Mtu anayechora, hata kama ni kwa penseli tu mezani kwake, akifika Paris aitafute nyumba nambari 14, mtaa wa La Rochefoucauld, makumbusho ya mchoraji Mfaransa Gustave Moreau. Ukishuka metro ya laini 12 kituo cha Trinité – d'Estienne d'Orves, unapanda kilima kwa dakika chache na umefika. Jumanne wanafunga.

Mimi nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nililipia ziara kwa wakala wa mtandaoni, naye akatupangia dakika 40. Muda ukaisha tukiwa bado ghorofa ya pili, nikatoka nimekasirika kweli. Siku ya tatu nikarudi peke yangu, nikakata tiketi pale pale mlangoni, nikaingia saa nne asubuhi na kutoka saa tisa. Ninachokisifu hapa ni siku hiyo.

Moreau alizaliwa 1826 na kufariki 1898. Wazazi wake waliinunua nyumba hii mwaka 1852, akaishi humo hadi mwisho wake. Wachoraji wa usimboli, wale waliotaka picha ionyeshe ndoto na imani badala ya kunakili kinachoonekana dirishani, walimhesabu kama baba yao. Mwaka 1895, akiwa hana mke wala mtoto, alimwita msanifu majengo Albert Lafon wageuze sehemu kubwa ya nyumba kuwa kumbi za picha. Kisha akairithisha serikali ya Ufaransa kila kitu. Milango ilifunguliwa kwa watu mwaka 1903, na msimamizi wa kwanza alikuwa Georges Rouault, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mchoraji maarufu Matisse naye alifundishwa na mzee huyu.

Ghorofa ya kwanza ni vyumba vya kuishi, na vimejaa hadi pa kukanyaga ni pa kutafuta. Nilisimama sana kwenye chumba chenye samani za Alexandrine Dureux. Huyu alikuwa mwandani wake kwa miaka mingi na hawakuoana. Alipofariki mwaka 1890, Moreau alizichukua samani zake akazipanga hapa. Hakuna picha kubwa humo, lakini koo lilinikaba.

Juu yake ndiyo kumbi zenyewe. Kuta ndefu, picha zimepangwa hadi karibu na dari, na katikati ngazi ya chuma inayojizungusha kwenda ghorofa ya tatu. Huko juu ndiko iliko "Jupiter na Semele". Kwa masimulizi ya kale, Semele ni binadamu aliyemwomba mpenzi wake, mungu Jupiter, ajionyeshe katika utukufu wake wote, akaungua. Turubai lina zaidi ya mita mbili kwenda juu, na kila shibri imejaa vito, maua, mabawa na nyuso. Ukiwa mbali unaona kiti cha enzi; ukisogea, macho hayajui yatue wapi.

Hata hivyo iliyonishika zaidi ni picha ya rangi za mafuta ya Salome, yule binti aliyeomba Yohana Mbatizaji akatwe kichwa, na kichwa hicho kinachoelea hewani kikitoa mwanga. Juu ya rangi, miaka mingi baadaye, Moreau alirudi na kuchora mistari miembamba ya nguzo na nakshi, kama piko mkononi mwa bibi harusi. Mistari haikujazwa rangi. Picha nyingi humu ziko hivyo: mwili umekamilika, vazi bado, nyuma ni doa tu la rangi. Kwangu mimi hilo ndilo somo. Unamwona akifikiri.

Sasa makabati. Chini ya picha, kando ya kuta, kuna makabati ya mbao. Ndani mna fremu zenye bawaba, unazifungua moja moja kama kurasa za kitabu. Michoro iliyowekwa hivyo ni karibu 4,800. Wageni wengi niliowaona walipita bila kuyagusa, labda wakidhani hairuhusiwi. Inaruhusiwa, vuta taratibu. Nilikuta mguu mmoja umechorwa tena na tena, kila mara kisigino kikisogea kidogo, na goti la farasi, na mkono ulioshika ua. Kila kitu kilichoko ukutani kina mizizi yake humo ndani.

Vaa viatu laini, ngazi ni nyingi. Usiende na mtu mwenye haraka. Shemeji yangu, ambaye nampenda sana, nilimwacha mkahawani siku ile niliyorudi, akanisubiri bila neno. Jioni nilimwonyesha daftari langu: kurasa 11 za visigino.

Mwezi wa kumi na moja narudi, na safari hii naanza na makabati ya ghorofa ya tatu.