Mwenyeji wa Mombasa niliyelipa kutembezwa Mji wa Kale

Nimezaliwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, na hadi leo nikitoka Tudor kwenda kumwona mama napita mbele ya Ngome ya Yesu (Fort Jesus). Ndani yake, hata hivyo, nilikuwa nimeingia mara moja tu, nikiwa darasa la tano, tumepangwa mistari miwili na mwalimu anatuhimiza tusije tukaachwa na basi. Mwezi uliopita nilipata mgeni kutoka Kampala. Nikaona haya kumtembeza mji wangu ilhali sina la kumweleza, nikamlipa kijana mmoja anayetembeza wageni shilingi 3,000 kwa sisi wawili: Ngome na Mji wa Kale, saa mbili asubuhi hadi saa sita. Tiketi ya Ngomeni ni mbali na hizo. Raia bei yake ni nafuu, kwa hivyo usisahau kitambulisho.

Saa ya kwanza ilinichosha. Kijana alishika Kiingereza cha kukariri: Wareno walianza kujenga 1593, mchoraji wa ramani ya jengo ni Mtaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka 3. Yote ni kweli, lakini aliyamwaga kama anayesoma bango. Hata vyombo vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama 1697 hapo hapo mbele ya Ngome, tulivipita mbio.

Mambo yaligeuka tulipofika kwenye michoro ya mabaharia. Ni ukuta waliouchora Wareno wenyewe kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu. Niliinama karibu. Kuna merikebu ambayo aliyeichora alijitaabisha kutia kamba za mlingoti moja moja, kama mtu asiye na haraka yoyote. Nikamuuliza kijana, kwa Kiswahili chetu, kama hawa walikuwa wakichora huku wakingoja zamu. Akanitazama. "Kumbe weye u wa hapa hapa, dada?"

Kuanzia hapo alizungumza kwa Kiswahili, nami nikamfasiria mgeni wangu pale alipokwama. Akatuonyesha upande uliokuwa na vyumba vya wafungwa, kwani kuanzia 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa jela. Nilisimama kimya. Bibi yangu alikuwa akitutisha tukidokoa sukari: "Utatiwa Ngomeni!" Sisi tuliyachukua kuwa maneno ya kutishia watoto, kama zimwi. Kumbe alikuwa akisema jela aliyoijua, aliyowaona watu wakiingizwa.

Kutoka hapo tukashika Ndia Kuu, na kijana akamweleza mgeni kwamba "ndia" ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ndiyo maana kibao hakijakosewa. Tulisimama mbele ya Msikiti wa Mandhry, unaosemekana ulijengwa mwaka 1570 hivi, na kisima kilicho ng'ambo ya barabara. Zaidi ya yote alinifundisha kuinua macho. Mimi hupita vichochoro vile nikitazama chini kwa kuogopa pikipiki. Juu kuna roshani za mbao zilizonakshiwa kama lesi. Kuna nyumba ambayo utotoni nilikuwa nikikaa barazani pake nikinyonya barafu ya ukwaju, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Siku hiyo ndipo nilipouona ule mlango: mnyororo umechongwa kwenye fremu yake, pete baada ya pete, kutoka juu hadi chini. Nikaupapasa kwa kidole. Pete za chini zimelainika kwa migongo yetu.

Roshani nyingine zimeoza na nyaya za umeme zinaning'inia juu yake. Iliniuma. Mji huu unakaliwa na watu, na fundi wa kuchonga mbao ile si rahisi kumpata siku hizi.

Lililonikera ni duka. Bila kutuuliza, alitupeleka mahali pa vinyago na leso, na mgeni wangu akatajiwa bei ya leso karibu maradufu ya ile ninayolipa Biashara Street. Nilimwambia kijana waziwazi kwamba hilo halikuwemo kwenye makubaliano yetu. Aliomba radhi, tukatoka.

Tukamalizia kwa viazi karai na ukwaju wa baridi. Mgeni wangu aliongeza glasi mbili.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki dukani. Ukienda, anza mapema kabla jua halijawa kali, vaa nguo ya heshima, kubalianeni mapema kuhusu maduka, na sema tangu mlangoni kwamba unataka kuelezwa kwa Kiswahili. Mimi narudi Jumamosi na mama. Ana miaka 68, ameishi mita chache kutoka Ngomeni maisha yake yote, na hajawahi kuingia ndani.