Jenkins au GitHub Actions kwa timu ndogo ya Arusha?

Wadau, swali hili naulizwa sana na vijana wa hapa mjini na Moshi, nami nimetumia zote mbili kwahiyo nasema nilichokiona. Zote ni zana zinazojenga na kupima code ya programu zenyewe kila unapoibadilisha.

Jenkins ni ya bure kabisa, imetokana na programu ya Hudson mwaka 2011 baada ya mvutano na kampuni ya Oracle, na unaiweka kwenye seva yako mwenyewe. Hapo ndo kazi inapoanza. Sisi tuliiweka kwenye kompyuta ya ofisini Njiro, umeme ukikatika usiku basi asubuhi hakuna bildi (programu iliyojengwa) hata moja, halafu plagini (vipande vya nyongeza) nazo, unaapdeti moja zingine tatu zinagoma na anayejua kuzirekebisha yuko kwa mteja Usa River, yaani siku nzima inapotea hivihivi.

GitHub Actions unaandika faili la YAML (faili la maelekezo) ndani ya ripo yako (hifadhi ya code kwenye GitHub), ukipush tu, yaani ukipandisha code mpya, testi zinajiendesha kwenye mashine za GitHub, umeme wa Njiro hauwahusu. Akaunti ya bure inakupa dakika 2,000 kwa mwezi kwa ripo za siri, za wazi hazina malipo. Kwa watu watatu wanne zinatosha kabisa, ila testi zikiwa nzito zinaisha haraka.

Kama mteja hataki code yake itoke nje ya jengo, mfano hospitali au saccos, hapo Jenkins inashinda, ila nunua UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwanza. Wengine wote anzeni na Actions.