Maabara iliyonimalizia kipimo cha HER2

Ripoti ya kwanza ya kinyama changu, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, ilikuwa mistari minne: saratani ya titi, daraja la 3, kipokezi cha estrojeni (sehemu ya seli inayoshika homoni hiyo) chanya, HER2 (protini inayochochea seli kukua) 2+. Hakuna asilimia, hakuna Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika. Nikaamini 2+ maana yake ni chanya. Daktari wangu wa saratani akanieleza kwamba 0 na 1+ huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya, na 2+ ni ya katikati, haiamui kitu mpaka kifanyike kipimo cha FISH, kinachohesabu nakala za jeni la HER2 ndani ya seli. Akaniagiza nikachukue bloku yangu ya nta, ile iliyogandishiwa kinyama, niipeleke maabara nyingine. Hiyo ndiyo ninayoiandikia leo.

Mpokezi aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: nyama ilikaa kwenye fomalini (dawa ya kuihifadhi) muda gani? Akafafanua bila haraka kwamba inapaswa kutiwa ndani ya saa moja tangu itolewe mwilini, kisha ikae kati ya saa 6 na 72. Ikicheleweshwa, kipokezi kilichopo kinaweza kusomeka kama hakipo, na mgonjwa akanyimwa dawa inayomfaa. Kule kwa kwanza hawakuwa wameandika saa hizo. Ilibidi nirudi kuwauliza, na nilipoteza siku mbili.

Majibu yalitoka siku ya tisa. Seli zenye kipokezi cha estrojeni asilimia 90, cha projesteroni 20, Ki-67 asilimia 35. FISH: uwiano wa nakala za HER2 na kromosomu inayolibeba 3.1, wastani wa nakala 7.4 kwa kila seli. Mpaka wa kuitwa chanya ni uwiano wa 2.0 na nakala 4, kwa hiyo yangu haikuwa na utata wowote. Mimi ni mhasibu, namba nazisoma kila siku, lakini hizo nilizisoma nimesimama kwa sababu kukaa nilishindwa.

Zilibadilisha matibabu yangu yote. Daktari aliniweka kwenye kundi la luminali B (saratani zenye vipokezi vya homoni lakini zinazokua kwa kasi) lenye HER2 chanya: kemo, trastuzumabu (dawa inayolenga HER2) kwa mwaka mzima huku moyo ukipimwa mara kwa mara, halafu vidonge vya homoni kwa miaka. Kwa ripoti ya kwanza ningeweza kuikosa trastuzumabu kabisa.

Nilimwuliza kuhusu makundi mengine, maana dada yangu alikuwa anahangaika na swali hilo. Luminali A hukua polepole, Ki-67 yake iko chini, na mara nyingi vidonge vya homoni hufanya kazi kubwa kuliko kemo. Ila inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi na zaidi, ndiyo maana vidonge haviachwi kwa kujisikia mzima. Ile isiyo na kipokezi chochote kati ya vitatu, yaani cha estrojeni, cha projesteroni na HER2, huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye kasoro ya jeni la BRCA1. Ikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka mitatu ya mwanzo. Makundi haya yalitokana na kazi ya mtafiti Charles Perou na wenzake mwaka 2000, waliosoma jeni za uvimbe wenyewe. Maabara nyingi hukisia kundi kwa rangi za kwenye slaidi, na hapo ndipo uangalifu wa mtu aliye kwenye hadubini unapokuwa na uzito.

Lawama yangu ni moja. Ripoti yao haitaji kundi popote, wala haina hata sentensi mbili za kumweleza mgonjwa. Mtu asiye na daktari mwenye subira kama wangu ataondoka na karatasi nzuri asiyoielewa. Nimewaandikia kuhusu hilo.

Nawapa nyota nne. Ukienda, beba bloku yenyewe pamoja na ripoti ya zamani, na uwe umeshauliza saa za fomalini kabla hujatoka nyumbani.