Wino au mvuke: elektroniki za kaboni juu ya plastiki
Saketi zinazopindika, za misombo ya kaboni juu ya plastiki, hutengenezwa kwa njia mbili kuu. Moja huyeyusha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi) katika kiyeyusho, kama klorofomu au klorobenzini, kisha huichapa kama wino. Ni ya haraka, na roli ndefu ya plastiki hupita bila kusimama. Lakini viyeyusho hivyo ni sumu kwa mfanyakazi, jambo linalonikera kila linapotajwa kijuujuu.

Nyingine haina kiyeyusho kabisa. Unga wa semikondakta hupashwa moto ndani ya chemba yenye ombwe, hugeuka mvuke, kisha huganda juu ya plastiki kama utando wa makumi ya nanomita. Watafiti Tang na VanSlyke wa kampuni ya Kodak waliitumia katika diodi yao ya mwanga iliyotangazwa mwaka 1987, na skrini nyingi za OLED (zenye diodi za mwanga za kaboni) za simu bado hutengenezwa hivyo. Uzuri wake mkubwa uko kwenye matabaka: la juu haliyeyushi la chini, shida inayowasumbua sana wachapaji. Kasoro zipo. Pampu za ombwe hula umeme, mvuke mwingi hugandia kuta za chemba, na polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, huvunjika kabla ya kuvukizika. Polima nawaachia wachapaji. Kwa molekuli ndogo, nachagua mvuke.