Makorokoro ya Nyumbani: Nani wa Kumpa Kazi ya Kuyaondoa

Stoo ikishajaa mpaka mlango haufunguki vizuri, mtu hushawishika kumwita yeyote mwenye gari. Subiri kidogo. Kila anayeitaka kazi hii muulize kwanza mzigo utaishia wapi. Akijikanyaga kujibu, mwache, hata bei yake iwe nafuu kuliko zote. Mzigo ukitupwa korongoni usiku na ndani yake ikakutwa bili yenye jina lako, utakayetafutwa ni wewe.

Ninayemweka namba moja ni kampuni yenye kibali cha kubeba taka, inayotuma mtu kukagua kabla ya kutaja bei. Nyingi hutoza kwa nafasi ambayo mzigo unachukua garini: robo, nusu, gari zima. Kwa hiyo kabati lililopakiwa zimazima unalilipia pamoja na hewa iliyomo ndani yake. Jioni ya kuamkia siku ya kubeba mzigo shika bisibisi, ng'oa milango, toa rafu, zifunge mbao pamoja kwa kamba. Likishalazwa bapa, nafasi ya kabati hilo utaiona imebaki ndogo mno. Kifusi ni habari nyingine, maana mita moja ya ujazo ya matofali yaliyovunjika inaweza kupita tani moja. Kama kipo, sema mapema. Bei iandikwe, na ijumuishe kushusha vitu ngazini, kupakia na ada ya dampo. Hiyo ada ndiyo hujitokeza mwishoni, gari likiwa limeshajaa.

Wa pili ni wanunuzi wa chakavu na mitumba, na ningewaita kabla ya kampuni. Kila sufuria ya alumini na kila waya wa shaba wanaoondoka nao unapunguza mzigo wa kulipia. Siwapi nafasi ya kwanza kwa sababu huchagua kizuri na kukuachia godoro. Friji wasiikate mabomba hapo uani; gesi iliyomo inatakiwa kunyonywa na fundi.

Kontena la kukodi linamfaa anayesafisha polepole kwa siku kadhaa na mwenye mgongo imara, kwani kubeba ni juu yako.

Pikapu na vibarua nawaweka mwisho. Bei yao huvutia, lakini hesabu tripu, mafuta na ada ya dampo, halafu jiulize nani atamtibu kijana akikatwa na kioo.

Tyubu za taa za fluoresenti zina zebaki, na betri za lithiamu zikishindiliwa zinaweza kuwaka moto garini. Hizo, pamoja na rangi na dawa za wadudu, ziweke kando na uulize zinapokelewa wapi.

Na kabla godoro halijatoka mlangoni, papasa kingo zake, kisha vuta kila droo mpaka itoke yote. Hati na picha za wazee hudondokea nyuma yake.